Mzee Efraimu Ahamisha Mafiga

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, baada ya chakula cha mchana, Mzee Efraimu Nkya atavua aproni yake na kuitundika kwa mara ya mwisho kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa jiko letu. Atakuwa ameitumikia shule hii miaka thelathini na mitatu, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo akiwa mpishi mkuu. Wapo walimu hapa aliowalisha walipokuwa wanafunzi, na mpaka leo wakipita dirishani kwake huambiwa, "Wewe, rudisha sahani."

Wasifu kama huu wa jarida la shule kwa kawaida huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii wafanyakazi wa jikoni walikaa, wakatazamana, kila mmoja akasema mkono wake ni wa mwiko, si wa kalamu. Mzee mwenyewe ndiye aliyemaliza kikao. "Mpeni Evelyn," alisema. "Yule mtoto haongei, kwa hiyo atakuwa amesikia mengi."

Evelyn ni mimi, Kidato cha Tatu. Ni kweli siongei. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sasa nasoma kwa Kiingereza, na nikiinuliwa darasani nasahau lugha zote mbili kwa pamoja. Kuandika nakuweza kidogo. Naombeni mnivumilie.

Mzee Efraimu alizaliwa Machame, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba na kahawa analolilima hadi leo. Alikuja hapa mwaka 1992 kupasua kuni, hakuja kupika. Anasema siku moja mpishi wa wakati ule aliugua malaria, maharage yakawa motoni hayana mwenyewe, naye akayaonea huruma. Kwao walimcheka. Mwanamume mzima wa Kimachame kushika mwiko! Kaka zake walimwuliza kama na kanga ameshapewa. Alinyamaza akapika, na kaka hao hao walipokuja kuandikisha watoto wao hapa walikaa jikoni wakala mpaka wakalegeza mikanda.

Chumvi hapimi kwa kijiko, hupima kwa ngumi, na kila mpishi mpya akijaribu kupima kwa ngumi yake tunakunywa maji mpaka jioni. Alikuwa anaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika wao, na ugali wa shule ulikuwa ukisongwa kwa mapigo ya kwaya. Wanafunzi walijifunza kusoma dalili. Wimbo wa Pasaka, ugali umekubali. Wimbo wa mazishi, maharage hayajaiva, nenda kasome kwanza.

Lakini alama yake kubwa hapa shuleni ni ile kofia ya moshi. Wageni hudhani ni pambo: bati pana lililoning'inia juu ya majiko kama mwavuli, na bomba lake limetoboa paa. Kabla haijawekwa, moshi wa jikoni ulikuwa unatokea mlangoni kama watu wengine. Wapishi walilia kutwa. Mama Monica, msaidizi wake wa miaka mingi, anasema siku ya harusi yake macho yalikuwa mekundu, ndugu wa mume wakamsifu kwamba binti huyu anawapenda wazazi wake sana.

Aliyeifunga kofia ni Sirili, fundi wetu wa shule. Alipima vizuri kabisa kutoka juu ya jiko hadi kwenye bati, isipokuwa alipima jiko likiwa tupu. Hakukuwa na sufuria juu yake, wala mtu kwenye kijukwaa cha kusongea. Siku ya kwanza ya ugali Mzee alipanda kijukwaani, akainua ule mwiko wake mrefu, mwiko ukapiga bati: ngaaa! Kengele yetu, kwa msiojua, ni rimu ya lori, na sauti ilikuwa ile ile. Madarasa yote yakatoka. Akapiga tena bila kukusudia, wakatoka hata waliokuwa kwenye mtihani. Mkuu wa shule wa wakati ule alikuja jikoni mwenyewe kuuliza ni nani anayewapa watoto mapumziko.

Mzee akaagiza kofia ipandishwe. Aliagiza akiwa na hasira, na kazi ya hasira mnaijua. Ilipandishwa mpaka karibu na kenchi za paa, na huko juu haikuwa na faida yoyote. Moshi ulipanda nusu, ukaitazama, ukapita pembeni. Hapo ikabidi wote wawili wakubali kwamba wamekosea. Sirili akamwambia, "Basi pika, mimi nikutazame." Mzee akapanda kijukwaani, sufuria kubwa tupu mbele yake, akasonga hewa. Alisonga, akainua mwiko, akafunua mfuniko, akainama kama anaonja, na kila mwiko ulipofikia Sirili aliweka alama ya mkaa ukutani. Kofia ikafungwa kiganja kimoja juu ya alama ya mwisho. Halafu wakaivuta mbele kidogo ipite ukingo wa jiko, kwa sababu mfuniko ukifunuliwa mvuke haupandi wima. Unamsalimia mpishi usoni kwanza. Mama Monica anasema tangu siku ile hajalia jikoni, labda kwa vitunguu.

Sasa nifike mahali ambapo wasifu wa kawaida haufiki.

Mwaka jana, wakati wa masika, mke wa Mzee alifariki ghafla huko nyumbani Machame. Aliitwa Yuditha, ila majirani walimwita Mama Gidioni, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Siku ile Mzee alikuwa hapa, anatupikia uji. Aliporudi kutoka msibani, ugali ukaanza kusongwa kimya. Mwezi wa kwanza tulisema ni msiba. Baadaye tukaacha kusema, tukazoea, na nadhani kuzoea kwetu ndiko kulikokuwa kubaya.

Zamani alikuwa anapanda kwao kila Jumamosi jioni. Baada ya msiba akawa anabaki chumbani kwake kwenye nyumba za wafanyakazi, hata Jumapili. Najua kwa sababu na mimi Jumapili huwa sina pa kwenda. Wenzangu hukaa makundi makundi bwaloni, na mimi nikifika kwenye kundi la watu wanne huwa mtu wa tano. Basi nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya mlango wa jiko na kitabu. Mzee akipita namwambia, "Shikamoo, babu." Anasema, "Marahaba. Umekula?" Nasema, "Nimekula." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha mpaka Jumapili nyingine.

Ilipofika kutafuta zawadi ya kumuaga, kuna waliosema godoro, kuna waliosema mbuzi. Sirili akasema mtu aliyetuondolea moshi hawezi kwenda kukohoa kwake. Akatengeneza kofia ndogo ya moshi na bomba lake hapa hapa kwenye karakana ya shule, na Jumamosi iliyopita tukapanda nayo Machame kwenye pikapu: Sirili, Mama Monica, Mzee mwenyewe, na mimi niliyepelekwa ili niandike.

Jiko la Mzee limejengwa nje ya nyumba, kama majiko mengi ya huko. Ni la mbao, bati juu, mlango wake unatazama korongo. Ng'ambo ya korongo, karibu kiasi kwamba unasikia ng'ombe akikohoa, ni kihamba cha jirani yake, Bibi Aikaeli. Ndani ya jiko, kwenye kona ya nyuma kabisa, yalikuwepo mafiga matatu aliyoyapanga Mama Gidioni siku za mwanzo za ndoa yao. Majivu yalikuwa yamepoa mpaka yameshikana. Kuku alikuwa ametaga katikati yake.

Mzee alilitazama lile yai muda mrefu. Halafu akaliokota, akalitia mfukoni mwa koti.

Sirili alianza kazi kwa furaha. Akaishika kofia juu ya mafiga kwa kipimo cha shuleni. Mzee akatikisa kichwa. "Sirili, kule nasimama. Hapa nakaa." Akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono wenye mwiko mdogo, akainua, akainama. Kofia ikateremshwa mpaka ikawa inamtosha mtu aliyekaa, na pembeni ikawa inazidi mafiga kiganja kila upande. Wote tukaona imependeza.

Ugomvi ukaanza kwenye bomba. Kutoka kona ile, bomba lilikuwa linapanda wima na kutokea upande wa nyuma wa paa, chini ya mgongo wake, kwenye migomba. Sirili alikuwa anashangilia. "Njia fupi, haina kona. Kabla mvua haijaanza tutakuwa tumemaliza."

"Litokee mbele," Mzee akasema.

"Mbele wapi?"

"Mbele. Upande wa korongo."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Litokee mbele tu."

Sirili akashuka ngazi ili wazungumze vizuri. "Kutoka hii kona mpaka mbele itabidi nilikunje mara mbili. Moshi si nyoka, mzee. Ukiupa kona unarudi ulikotoka."

"Likunje."

"Masizi yataziba."

"Nitayakwangua."

"Si mlirefushe hapo hapo nyuma lipite mgongo wa paa?" Mama Monica akauliza.

"Bomba lenyewe ndilo hili, mama. Halifiki," Sirili akasema.

Mama Monica akamgeukia Mzee, mikono kiunoni. "Na wewe leo umekuwa mbishi kama maharage ya mwaka juzi. Tunakuchemsha tu, hulainiki." Mzee hakucheka. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, anatazama nje.

Sirili ana huruma kuliko anavyotaka tujue. Akatoa viwiko viwili vya bati kwenye mfuko wake wa vifaa, akavipachika kwa muda, bomba likakunjwa, likatokea mbele. Wakawasha moto wa majaribio. Moshi ulipanda, ukaingia kwenye kofia, ukafika kwenye kona ya kwanza, ukafikiri, ukarudi wote. Tulitoka mbio. Kuku alitoka wa kwanza.

Tukiwa pale nje tunakohoa na kupangusa macho, tukaona mwanamke mzee anapanda kutoka korongoni, kitenge amekifunga kiunoni, panga mkononi. Alikuwa Bibi Aikaeli.

"Nimeona watu juu ya paa," alisema kabla hata hajatufikia, "nikajua ni wezi wa bati." Akamwona Mzee. "Ee! Kumbe ni wewe, baba Gidioni. Unajiibia mwenyewe?"

"Karibu, mama Jesse," Mzee akasema. Jesse ni mtoto wa Bibi Aikaeli, yuko Dar es Salaam.

Tukamwamkia. "Marahaba wajukuu. Na wewe binti, mbona unalia, nani kafa?" Nikaonyesha mlango wa jiko kwa kidole. Moshi ulikuwa bado unatoka.

Sirili akaona amepata hakimu. "Bibi, tusaidie. Zawadi yake tumemletea, kofia imekaa vizuri, bomba linataka kutokea nyuma. Yeye anang'ang'ania litokee mbele, huku kwako. Moshi hautaki. Mwambie moshi ni moshi, hata ukitokea nyuma ni sawa."

Bibi Aikaeli alimtazama Sirili, akamtazama Mzee. Panga akalichomeka kwenye mgomba.

"Anajua anachotaka," alisema. "Mama Gidioni na mimi tulikuwa tunaangaliana moshi. Asubuhi nikitoka kukamua naangalia kwake, unapenya kwenye bati upande huu. Na yeye anaangalia kwangu. Moshi upo, basi, mwenzangu kaamka, siku iendelee. Hatukuwahi kupatana hivyo, ilikuwa tu. Siku ile sikuona. Nikasema kachelewa. Nikamaliza kukamua, nikatoka tena. Hakuna. Nikavuka." "Nilimkuta bado ana joto."

Mama Monica akaweka mkono mdomoni. Katika mwaka na zaidi, Mzee hakuwa amemwambia yeyote pale shuleni.

"Ilikuwa Jumanne," Mzee akasema. Alikuwa anaongea na mafundo ya mbao za ukuta. "Mimi nilikuwa nije Jumamosi." Halafu, kama mtu anayeomba kitu dukani na hana uhakika kama kipo, akaendelea: "Gidioni yuko Mwanza. Anapiga simu kila Jumapili, mtoto mzuri. Mdogo wake yuko mbali zaidi. Sasa mimi nikianguka Jumatatu?"

Nilikuwa nimedhani Mzee hapandi kwao kwa sababu ya huzuni. Kumbe mtu aliyepikia mamia kila siku alikuwa anaogopa kulala chini peke yake mpaka Jumapili.

Bibi Aikaeli ndiye aliyetuokoa. "Jesse wangu kaniletea gesi," alisema, "mtungi mpya na jiko la vyuma viwili linalong'aa. Nimeuweka sebuleni, nimeufunika kitambaa cha kufuma. Wageni wanausifu. Kupika siupikii. Gesi haina moshi, mwanangu. Nikifa na gesi si nitaonekana napika tu?"

Tulicheka, Mzee naye akachekea puani. Sirili alikuwa ameshaingia ndani. Tulimsikia anapiga hatua, anagonga ukuta. Akatoa kichwa mlangoni.

"Kofia haihami peke yake," alisema taratibu, tofauti na kawaida yake. "Inafuata moto. Ikikaa pembeni ya moto ni bati tu. Ukitaka moshi utokee upande wa korongo bila kona, basi moto wenyewe uje upande wa korongo. Hapa karibu na mlango. Bomba litapanda wima, litatokea mbele. Ila sasa..."

Wote tulikuwa tunayatazama mafiga.

"Hayo aliyaweka mwenyewe," Mzee akasema. "Mimi nilimwambia ayaweke mlangoni apate hewa. Akasema mlangoni wapita njia watajua tunakula nini." Akavua kofia yake ya kichwani, akaivaa tena. "Sijawahi kuyagusa. Hata nilipokuwa napika hapa, nilikuwa napika alipoweka yeye."

Nikasikia maji ya mfongo, ule mfereji wa wazee, yakipita chini ya migomba. Nilitaka kusema kitu. Kama kawaida yangu nilikitafuta kwa Kiswahili, nikakitafuta kwa Kiingereza, na nilipokaribia kukipata Bibi Aikaeli alikuwa ameshaondoka. Alikwenda kwenye uzio, akarudi na jani la isale.

Wasiotoka Uchagani niwaambie: isale ni jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka, na mtu akikujia nalo mkononi amekuja kuomba radhi. Hata kama mmegombana vibaya, likiisha kuletwa ni vigumu kulikataa. Nilishaliona likipelekwa kwa baba mkwe, kwa jirani, kwa mke aliyerudi kwao. Kwa mtu ambaye hayupo sikuwahi kuliona.

Mzee alilipokea. Akaingia, akachuchumaa mbele ya mafiga, akaliweka juu ya majivu. Akazungumza Kichaga kwa sauti ya chini. Mimi ni wa Sanya Juu, Kichaga nakisikia, kinywani tu ndiko kisikotoka. Nilisikia yote. Lakini si ya jarida, yataishia kwangu.

Alikataa kusaidiwa. Jiwe la kwanza lilikuwa limeshikana na ardhi kwa majivu na mafuta ya miaka yote ile, ikabidi alitikise kama jino. Lilipong'oka, chini yake udongo ulikuwa mwekundu, msafi, kama haujawahi kuona moto. Akalibeba kifuani mpaka karibu na mlango. Akarudi la pili. La tatu lilikuwa na ufa, na hilo alilipanga mara kadhaa, akirudi nyuma kulitazama, mpaka ufa ukaelekea ukutani kama ulivyokuwa. Kule nyuma jani la isale likabaki peke yake katikati ya alama tatu nyekundu.

Kazi ya Sirili baada ya hapo ilikuwa nyepesi. Mzee akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mwiko, kofia ikafungwa usawa ule ule wa mtu aliyekaa, imezidi mafiga kila upande na imejitokeza zaidi upande wa mpishi. Bomba likapanda moja kwa moja, likatoboa bati upande wa korongo. Juu ya bomba akaweka kikofia kingine kidogo, kwa sababu mchana upepo unapanda kutoka bondeni na usingekuwa na adabu ya kuuacha moshi utoke.

"Msiwashe kwanza," Bibi Aikaeli akasema. "Nivuke nikaangalie kwangu."

Akachukua panga lake, akashuka. Tulimsubiri. Alipotea kwenye migomba, akaonekana kwenye daraja la mti, akapotea tena. Mzee alikuwa na kiberiti mkononi muda wote huo. Tulipoona kitenge chake uwanjani kwake, akawasha.

Moshi ulipanda, ukazunguka kidogo chini ya bati kama mgeni anayetafuta mlango, ukapanda. Ndani hakukubaki kitu. Tukatega sikio.

"Baba Gidioniii!" Sauti ilivuka korongo, nyembamba lakini kamili. "Naona! Naona vizuri!"

Sirili akapiga kofi, Mama Monica akapiga kigelegele. Mzee hakuitika. Nilidhani ataimba, haikuwa hivyo. Alikaa tu kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi za mtori. Alimenya, akamenya, sufuria ikajaa, akatafuta nyingine.

"Mzee," Mama Monica akasema kwa upole, "tuko wanne."

"Sijui kupika kwa watu wanne."

"Na kwa mmoja?"

Akaendelea kumenya. Alilivunja na lile yai, akalikaanga peke yake kwenye kikaango kidogo, akanipa mimi. "Kula. Safari haijaisha." Nikala.

Ilikuwa wakati wa kukoroga mtori ndipo nilipomwona amesimamisha mwiko. Alikuwa anatazama nje kupitia mlangoni. Nikafuata macho yake. Kutoka pale alipohamishia mafiga, akiwa amekaa, alikuwa anaona ng'ambo moja kwa moja: paa la Bibi Aikaeli, na moshi mwembamba unapenya kwenye bati lake. Kutoka kona ya zamani usingeona chochote isipokuwa ukuta.

Ndipo nikauliza. Lilikuwa swali langu pekee siku ile, na sijui lilitoka lugha gani kwanza. "Babu, na yeye? Tangu Mama Gidioni afariki, wa kwake nani anauangalia?"

Mzee alifikiri.

"Hakuna," alisema. "Mwaka mzima huu, hakuna."

Akauweka mwiko juu ya sufuria. Akanyanyuka kidogo, akakivuta kigoda chake upande wa kushoto, akakaa, akatazama. Akakivuta tena kidogo, mpaka fremu ya mlango ikaacha kumkinga. Kisha akaendelea kukoroga.

Mzee Efraimu, kwa niaba ya wanafunzi, walimu na wenzako wa jikoni, ahsante. Ahsante kwa uji wa asubuhi za baridi, kwa makande ya Ijumaa, kwa kuwabakishia sahani waliochelewa kutoka hospitali bila kuwauliza maswali. Kofia uliyotuachia itabaki pale ulipoisongea hewa. Mama Monica anasema ugali ataumudu, chumvi hana uhakika. Mimi sijui Jumapili nitamwamkia nani. Sentensi hiyo niliifuta, nikairudisha, mwalimu ameniambia niiache.

Hatutakuambia upumzike. Kuna kazi uliyojiajiri mwenyewe Jumamosi ile, inaanza alfajiri, haina likizo, na ng'ambo ya korongo yupo anayeifanya hiyo hiyo kwa ajili yako. Tunakuombea asubuhi nyingi, babu, na kila moja yao uwashe mapema, kisha utazame.

Evelyn, Kidato cha Tatu